Kipande cha Kwanza cha Keki ya Atuganile

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, zamani ya juzi tu, huko Tukuyu alikuwako msichana aitwaye Atuganile, aliyetaka kitu kimoja: kuwa mhasibu. Hakutaka udaktari, hakutaka urubani. Uhasibu! Lakini mtoto wa watu hajichagulii masomo peke yake. Ana baba, ana shangazi, ana mwalimu, na kila mmoja ana mdomo. Sikilizeni, kisha mnisaidie, maana mimi kesi hii imenichosha.

Alipoingia kidato cha tatu, wanafunzi waliambiwa wachague masomo. Atuganile akachagua biashara na utunzaji wa vitabu vya fedha. Baba yake, Mzee Ambakisye, aliposikia alivaa koti, akaenda shuleni, akafuta yote.

"Biashara ni ya waliofeli," alisema. "Nimeshalitangazia kanisa zima kwamba wewe ni daktari. Utasoma fizikia, kemia, biolojia na hisabati, na hiyo hisabati utaisoma mpaka uiote!"

Atuganile alilia, kisha akasoma. Alikokotoa kwa hasira, na hasira ikamfanya aijue hisabati vizuri.

Mwalimu Subilaga, mwenye somo la vitabu vya fedha, aliuona uchungu ule. Wenzake Atuganile walipokwenda kucheza netiboli, yeye alimfungulia darasa na kumfundisha bure, akamsajili kimyakimya alifanyie mtihani. Ila na yeye alikuwa na lake.

"Achana na hisabati ya baba yako," alimwambia. "Mhasibu ana kikokotoo. Itakupotezea muda bure."

Atuganile aliitika, "Ndiyo, Mwalimu," akarudi nyumbani, na baba akamkalisha kwenye hisabati. Ikawa mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule, na msichana katikati kichwa kinamuuma.

Matokeo yakatoka. Akafaulu yote, ya baba na ya mwalimu. Akapangiwa kidato cha tano katika shule ya bweni ya mbali, mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia. Baba akachinja mbuzi. Atuganile hakuigusa nyama ile.

Hapo ndipo alipoingia Shangazi Tumpe, dada yake Ambakisye, mwenye mgahawa sokoni. Hakumuuliza mtu. Alikwenda shule ya kutwa iliyo jirani na mgahawa wake, akaketi ofisini kwa mkuu, akagoma kuondoka mpaka mtoto ahamishiwe pale. Shule ile ilikuwa na mchepuo mmoja tu: uchumi, biashara na uhasibu. Mkuu akakubali, kwa kuwa mtoto alikuwa amefaulu lile somo la Mwalimu Subilaga. Shangazi mwenyewe huo uhasibu hata hakuujua. Alitaka mtu wa kukaanga maandazi asubuhi na kuosha masufuria jioni, basi! Lakini Atuganile akasoma alichokitaka. Ambakisye naye akamnunia dada yake, na tangu siku ile hawakusalimiana hata msibani.

Alipomaliza kidato cha sita akaomba chuo, na huko walitaka uhasibu, na walitaka hisabati pia. Walioipuuza hisabati waligeuzwa mlangoni. Atuganile akaingia, akahitimu, akapata kazi Dodoma.

Ikaandaliwa sherehe. Atuganile alikuwa na ombi moja, kubwa kuliko joho: kabla hajaondoka, baba na shangazi wapatane. Aliwabembeleza mpaka sauti ikamkauka. Wakaja, wakaketi meza moja, Mwalimu Subilaga akiwatenganisha. Kwenye chakula, Shangazi alisogeza bakuli la pilipili kwa kaka yake bila kumtazama, na kaka akalipokea. Atuganile alifurahi karibu alie.

Ndipo mshereheshaji, Mungu amsamehe, akashika kipaza sauti. "Sasa mhitimu wetu atamlisha kipande cha kwanza cha keki mtu aliyemfanya awe mhasibu!"

Wakasimama watatu.

"Ni mimi," alisema Mzee Ambakisye. "Bila hisabati yangu angegeuzwa mlangoni."

"Wewe ulitaka sindano na dripu!" alifoka Shangazi Tumpe. "Nani aliyemtoa kwenye kemia zako?"

"Ulitaka mtu wa kukuoshea masufuria!"

"Alisoma, hakusoma?"

"Nyote hamkumuuliza mtoto anataka nini," alisema Mwalimu Subilaga. "Mimi nilimuuliza."

"Ukamwambia aache hisabati!" walimjibu ndugu wale wawili kwa pamoja, kisha wakakumbuka kwamba wamenuniana, wakageuziana migongo.

"Mwanangu, usiponilisha mimi, naondoka," alisema baba. "Na huyu Tumpe asije akanizika." Shangazi alikuwa ameshachukua mkoba wake.

Atuganile alisimama na kipande cha keki kwenye kijiti, amechoka nao wote. Jamani, miaka yote hiyo wamemvuta, na leo keki nayo? Alitamani akile mwenyewe yaishe. Lakini muziki ukapigwa, wageni wakapiga makofi, na midomo mitatu ikafunguka mbele yake.

Haya, semeni ninyi. Baba alimpa kilichomfaa huku akimtakia kingine. Mwalimu alimtakia alichokitaka, akamshauri vibaya. Shangazi alimfungulia njia kwa ajili ya masufuria yake. Krimu inadondoka, na binti akikosea hapa, kaka na dada hawatasemeshana mpaka kaburini. Je, kijiti kile kielekee kwenye mdomo wa nani?