Mstari Mweupe wa Getini

Ndugu zangu wapendwa, kabla hamjaanza kutazama saa, nipeleke akili zenu kwenye shule moja ya msingi huko milimani, kwenye mvua nyingi na matope mekundu. Pale palikuwa na mwalimu wa nidhamu. Mtu mwema kabisa. Hagombani na mtu, na kwenye kwaya anaimba besi mpaka vioo vya madirisha vinatetema. Watoto aliwapenda pia. Shida yake ilikuwa moja tu: alipenda kila kitu kipimike.

Siku moja alichukua brashi na rangi nyeupe, akamsimamisha msichana wa kimo cha kati kando ya nguzo ya geti, akachora mstari chini kidogo ya goti lake. Akarudi nyuma, akautazama, akafurahi. Tangu hapo kila msichana alisimama kwenye nguzo ile asubuhi kabla ya kuingia. Pindo la sketi likifika mstarini, pita. Likiwa juu ya mstari, rudi nyumbani ukavae sketi ya heshima.

Hebu niambieni, ninyi wenye watoto wengi: magoti yote duniani yana kimo kimoja? Naona mama mmoja pale nyuma anacheka. Basi hata wasichana wa shule ile walicheka, mwanzoni. Wafupi walipita hata na sketi fupi, maana magoti yao yako karibu na ardhi. Warefu wakabuni mwendo wao. Wakiikaribia nguzo, wanakunja magoti ndani ya sketi, wanapita wakiyumba kama mabata wanaokwenda mtoni. Wakishavuka, wananyooka. Mwalimu hakuyaona hayo, kwa sababu wakati wote alikuwa ameinama, macho kwenye pindo.

Na wavulana? Wavulana walipita na kaptula zao, magoti yote nje, mengine yana vidonda vya mpira, na mwalimu akawapungia mkono: "Wahini, wahini!"

Sasa, darasa la saba kulikuwa na msichana mrefu kuliko wote. Kila likizo mama yake alifumua pindo la sketi na kulishusha kidogo, mpaka ikawa hakuna tena cha kushusha, imebaki mikunjo ya zamani tu inayoonekana kwenye kitambaa. Mtoto huyu alipenda hesabu kama wengine wanavyopenda maandazi. Na asubuhi ninayowaambia kulikuwa na mtihani wa kuchagua watakaoiwakilisha shule kwenye mashindano ya hesabu ya wilaya. Mlango wa darasa ukishafungwa, aliye nje amebaki nje.

Mwalimu alifika getini siku hiyo akiwa hana raha. Ufunguo wa kabati la mitihani alikuwa ameusahau nyumbani, ikabidi ampigie simu mke wake. Huku akiungoja ufunguo, akapima.

Yule msichana mrefu akaja kwa mwendo wa bata, kama kawaida. Lakini matope, ndugu zangu! Mguu ukateleza, na ili asianguke akanyooka ghafla kama springi. Pindo likaruka juu ya mstari, mbele ya macho ya mwalimu.

"Ahaa! Rudi nyumbani."

"Shikamoo, mwalimu. Leo kuna mtihani."

"Marahaba. Heshima kwanza, mtihani baadaye."

"Mama ameshashusha pindo lote, mwalimu. Kilichobaki ni kupunguza miguu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wakati huohuo akapita mvulana wa darasa lake, kaptula imepanda juu kabisa, shati limetoka nje.

"Na magoti ya huyu, mwalimu?"

"Hayo ni ya mvulana. Sketi fupi zinawaharibia wavulana masomo."

Mvulana akasimama, akashangaa. "Mimi, mwalimu? Yangu yaliharibika siku nyingi. Hesabu huwa ananielekeza yeye!"

Mwalimu nusura acheke. Lakini sheria ni sheria, akajikaza, akanyoosha kidole njiani. Msichana akageuka. Mwalimu akausikia mkebe wa hesabu wa mtoto yule ukigongagonga ndani ya begi, ko, ko, ko, kuteremka mlima. Sauti ile haikumpendeza, akainama haraka apime mwingine.

Mbele ya nguzo likatokea pindo la maua ya kijani. Mwalimu akapandwa na hasira.

"Hii si sare kabisa! Na iko juu ya mstari! Wewe, rudi nyumbani sasa hivi ukavae nguo ya heshima!"

Foleni nzima ikaziba midomo kwa viganja.

"Haya, baba," ikajibu sauti ya upole. "Narudi. Na huu ufunguo wa kabati nirudi nao?"

Mwalimu akainua macho polepole, pindo, mkanda, kola, mpaka akafika usoni. Alikuwa mke wake.

"Mama watoto! Nisamehe, sikukuona."

"Utanionaje na mimi nimesimama juu huku? Gauni hili ulinichagulia mwenyewe sikukuu ya Pasaka. Ukasema, mke wa mwalimu apendeze kwa heshima. Heshima imetoka lini?"

"Li... limepita mstari kidogo."

"Mstari wa goti la nani?"

Mwalimu akaitazama nguzo. Alikuwa amesahau kabisa lilikuwa goti la nani.

"Na yule mtoto niliyepishana naye," mama akaendelea, "anateremka anajifuta machozi. Anaitwa nani?"

"Yule? Yule mrefu."

"Nimekuuliza jina, baba."

Hapo ndipo mwalimu alipotafuta kichwani asipate kitu. Amemrudisha mtoto huyu nyumbani mara nyingi kuliko wote. Sketi yake anaifahamu mkunjo kwa mkunjo. Jina hana.

Akamwomba mke wake aupeleke ufunguo ofisini, kisha akashika njia, tumbo mbele, viatu vinalia matopeni. "Wewe! Wewe msichana!"

Mnadhani alisimama? Njia nzima ilikuwa na wasichana waliochelewa na waliorudishwa, na waliposikia sauti ile, kila mmoja alijirusha kwenye migomba. Yule mrefu naye akaongeza mwendo. Na kwa miguu ile, nani wa kumfikia?

Mwalimu akasimama, akashika kiuno, anahema. Akaigeukia migomba. "Jamani, anaitwa nani?"

Vichwa vikachungulia. "Nani, mwalimu?"

"Yule niliyemfukuza."

"Umetufukuza wengi, mwalimu."

"Yule mrefu. Wa hesabu."

"Aaa! Atuganile!"

Mwalimu akavuta pumzi na kuitoa ile besi yake yote ya kwaya: "Atuganileee! Rudi, mwanangu! Mtihani!"

Msichana akasimama hapohapo. Akageuka taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba ni yeye kweli aliyeitwa. Kisha akarudi akikimbia, mkebe unagonga.

Na alipofika kwenye nguzo, ndugu zangu, bila hata kufikiri, akakunja magoti na kuanza mwendo wa bata. Safari hii mwalimu hakuwa ameinama. Akamwona mtoto mzima, kichwa mpaka miguu, akijikunja ili atoshe kwenye mstari wake.

"Nyooka, Atuganile," akasema. "Pita umenyooka."

Mnataka kujua kama aliuwahi mtihani? Aliuwahi. Alishika kalamu kabla mlango haujafungwa. Na jioni mwalimu alirudi na brashi yake ileile, akaipaka nguzo yote rangi, mpaka mstari ukapotea.

Sasa sisi. Sisemi watoto waende shule wamevaa ovyo. Mavazi ya heshima ni jambo jema, kwa binti na kwa kijana wetu wa kiume pia. Lakini tunapiga magoti hapa kila Jumapili tukiomba, "Bwana, wakuze watoto wetu." Akiwakuza, mbona tunawaadhibu kwa kukua? Mbona binti ndiye anayekosa somo, eti ili mvulana asome vizuri? Mvulana huyo tumfundishe kutazama kitabu chake, basi.

Na ninyi wazee wa mlango wa kanisa, mnaowagawia khanga mabinti wenye sketi fupi, nimewaona mnacheka, msicheke sana. Wangapi mnaowafunika mnawajua kwa majina? Waulizeni leo. Mtoto akiona macho yako yamefika usoni pake na jina lake umelishika, hata la mavazi mtaongea mkaelewana.

Haya, tusimame tuombe. Nanyi mabinti zangu, simameni mmenyooka kabisa.