Nguzo Aliyoichagua Paka

Bwana Shekuwe alikuwa na nyumba saba na paka mmoja. Paka alipomaliza kurarua makochi, Shekuwe akamwendea Mwanatumu, mpangaji wake aliyesuka mikeka.

"Paka wangu anataka nguzo imara ya kunolea kucha. Hii ya kibaraza chako inafaa. Kesho naing'oa."

"Paa litaniangukia, Bwana."

"Utasukia mikeka juani."

"Haya. Lakini mwenye kucha umemuuliza? Akiikataa, utakuwa umebomoa nyumba yako bure. Mpe mpaka kesho achague mwenyewe. Atakachokwangua ndicho chake, na vingine uviache."

Shekuwe akacheka, akaapa mbele ya majirani.

Alasiri Mwanatumu akampelekea mkeka mpya. Akasifu kila kitu sebuleni, akazidi kukisifu kiti cha mpingo alichorithi Shekuwe kwa babu yake, huku akikipapasa kwa mikono miwili.

Asubuhi majirani walimkuta paka ameukumbatia mguu wa kiti hicho, anaulamba na kuukwangua. Shekuwe alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka.

"Mwanatumu, umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!"

"Si wewe, Bwana. Nilikipaka kiti, tena kwa mkono. Mafuta ya papa."