Rambirambi za Aliye Hai

Hapo zamani, si ile ya wafalme na majini, ni hii ya juzi tu, simu zilipokuwa zimekwisha kuingia kila nyumba, walikuwako Muheza wanawake watatu wenye chama chao. Waliwapokea wazee waliopotea, wakawatunza, wakawatafutia ndugu zao. Chama wakakiita Faraja. Malipo hawakuyataka, ila radhi za Mungu.

Siku moja polisi wakawaletea bibi kizee aliyepanda basi asilolijua. Akili yake ilikuja na kuondoka. Jina alilikumbuka, Somoe. Kwao hakukukumbuka.

Wa kwanza, Mwanaidi, akamchukua nyumbani kwake. Akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamsuka nywele. Mwanaidi alikuwa amemzika binti yake wa pekee. Nyumba yake ilikuwa na nafasi, na nafasi ya namna hiyo ni nzito.

Wa pili, Salha, aliujua mtandao. Akakifungulia chama ukurasa, akampiga bibi picha. Juu akaandika jina la chama, Faraja. Chini akaandika: "Bi Somoe. Mwenye kumjua atujulishe." Akaituma.

Hapo ndipo lilipotokea kosa. Ukiona picha ya mzee, na juu yake neno faraja, lile wanaloombewa wafiwa, utasoma mpaka chini? Watu hawakusoma. "Innalillahi," akaandika wa Singida. "Poleni wafiwa," akaandika wa Songea. "Mungu amlaze mahali pema," akaandika wa Bukoba. Na wote wakaisambaza, maana habari ya msiba hakuna anayekaa nayo.

"Umeniulia mgeni wangu," Mwanaidi akasema.

"Dada, angalau kapata waombolezaji wengi," Salha akajibu.

"Nani kafa?" bibi akauliza.

"Hakuna, mama. Kunywa uji."

Salha akataka kuifuta picha. Wa tatu, Hadiya, akamzuia. "Mtu aliyekupa pole amesimama mlangoni kwako. Utamfungia?" Akakaa na miwani ya kuazima, akawajibu mmoja mmoja: "Ahsante, ila yu hai." Wenzake wakamcheka. Hadiya akaendelea kujibu, mpaka akamfikia mwanamke wa Nangurukuru, jina lake Asumini, aliyeandika: "Mmemzika wapi bibi yetu? Huku tumekwisha kumsomea hitima."

Huyo wa Nangurukuru, Hadiya hakumwandikia. Alimsomea bibi jina lile na maneno yale, akamsogezea simu mdomoni, akairekodi sauti yake.

"Asumini," bibi akasema, "mmenisomea hitima, na pilau mkala bila mimi?"

Hadiya akaituma sauti hiyo; Asumini aliposikia, akawaelekeza njia ya kwao.

Wanawake wale watatu wakamsindikiza bibi mpaka Nangurukuru. Wakamkuta Asumini amejifungua mtoto wa kike, yumo ndani na kichanga chake. Alilia, akacheka, kisha akasema: "Kesho mtoto ananyolewa na kupewa jina. Nataka abebe jina la aliyemrudisha bibi yangu. Lakini mtoto ni mmoja, dada zangu."

Mwanaidi akasema: "Nisingemtunza, mngelikuta kaburi kweli. Nami sina mtoto wala mjukuu. Nikifa, jina langu halina wa kuliitikia."

Salha akasema: "Kosa ni langu, sikatai. Lakini habari ya mzima ingeishia Muheza. Kosa langu ndilo Mungu alilolipa miguu likafika huku."

Hadiya akasema: "Wewe uliwaletea msiba, wakalia. Mwanaidi alikuwa na uhai nyumbani, wasiujue. Aliyewafikishia uhai huo ni nani?"

Asumini akamgeukia bibi yake.

"Msiniulize mimi," Bi Somoe akasema, akinyoosha mikono apewe mtoto. "Hitima yangu imekwisha kusomwa. Maiti hatoi majina."

Basi enyi mnaonisikiliza, mbuzi wa akika, wa kuchinjiwa mtoto, amekwisha kufungwa uani, na mama anangoja. Mwanaidi, Salha, Hadiya: je, mtoto huyu aitwe nani?