Chungu Kilichonyamaza

Nani anakuna pua? Wewe Ambilikile, hata sijafungua kinywa umeshasema bibi anatunga! Hukuwapo wewe, wala baba yako, na huyo babu yako alikuwa bado hajafikiriwa. Basi nyamaza.

Hapo kale, kale ya mvua kunyesha bila kuulizwa, palikuwa na mkamwana aitwaye Tusekile. Ameolewa karibuni, na mama mkwe wake, Gwantwa, alikuwa na ulimi. Mnanitazama nini? Wangu ni wa asali ukiuweka kando ya ule.

Siku hiyo Gwantwa alitwanga mahindi mabichi ya kwanza baada ya njaa ndefu, akaponda na ndizi mbivu, akafunga rojo lile kwa majani ya mgomba. Chini ya chungu aliweka maji na vijiwe, juu ya maji vijiti, juu ya vijiti mkate, akafunika kwa majani mengine. Mkate huo hauchemshwi, unaiva kwa mvuke. Maji yakiwapo, vijiwe hucheza: ko-ko-ko. Yakiisha, vinanyamaza, na mkate unaungua.

"Nakwenda kuwaita wajomba," akasema. "Chungu hiki kikiungua, usinisubiri. Funga mzigo, urudi kwenu."

Tusekile akakaa, akasikiliza. Ko-ko-ko. Mara mvua ikashuka, na nani akaingia jikoni kujikinga? Baba mkwe! Mzee Mwakifuna mwenyewe!

Sasa jueni: zamani hizo mkamwana haonwi na baba mkwe. Haonwi, hasemeshwi, hapishani naye njiani. Akionwa ni aibu ya kuchinjiwa ng'ombe ndipo iondoke. Tusekile akajitupa nyuma ya kihenge cha mahindi, akajifunika nguo yake ya gome la mti, karibu na kuku aliyekuwa akiatamia.

Mzee akaketi. Mvua ikanyesha. Ko-ko-ko. Ko-ko. Ko.

Kimya.

Tusekile afanyeje? Atoke, aibu. Asitoke, arudi kwao. Ndipo akamgeukia kuku.

"Wewe kuku, umelala tu? Chungu kimenyamaza. Angekuwapo mtu mwenye mikono, angechota maji mtungini, akainua jani la pembeni, akamimina polepole."

Mzee akashtuka. Akatazama paa, akakohoa.

"Kuku," akasema, "mwambie huyo aliye jirani yako: mimi ni mtu wa baraza. Sijawahi kushika kata."

"Kuku, hao wa baraza mkate wanaula au hawauli?"

Harufu ya majani makavu ikaanza kupanda. Mzee akainuka akinung'unika, akachota, akainua jani.

"Yalaa! Kidole changu!"

Tusekile akauma nguo yake asicheke. "Kuku, polepole, nimesema! Usiumwagie mkate maji!"

"Kuku, namimina, nisifokewe!"

Ko. Ko-ko. Ko-ko-ko!

Mvua ikakatika, mzee akatoka akinyonya kidole, ndipo Tusekile naye akatoka mafichoni. Gwantwa akarudi na wajomba, akafunua chungu. Mkate umejaa, wa manjano, unanukia ndizi. Lakini jani la pembeni limekunjwa ovyo.

"Nani kagusa chungu changu?"

Tusekile akainamisha kichwa. Angesema nini? Kumtaja tu baba mkwe, amevunja mwiko.

"Mimi," sauti ikatoka uani.

"Wewe, mume wangu? Tangu lini?"

"Tangu leo. Kilikuwa kinaungua. Na ukimrudisha mkamwana huyu kwao, kesho utapika mwenyewe na mimi nitakukunjia majani."

Wajomba wakacheka mpaka wakashika mbavu. Gwantwa akatazama kihenge, akamtazama kuku, akaelewa. Akakata mkate, kipande cha katikati, kile laini, akamsukumia Tusekile.

"Kula. Na kesho utatwanga wewe."

Kwa mdomo wa Gwantwa, hiyo ndiyo harusi.

Mmesikia? Mwiko ulimzuia asionwe, haukumzuia kufikiri. Ukibanwa, tafuta pa kupitishia neno, na mwenye kuombwa ashushe pua, anyanyue kata.

Nilipokikuta kisa, ndipo nimekiacha. Mwenye kukitaka akibebe, mwenye kubisha akatwange mahindi. Mimi natoka, na mlango naufunga mwenyewe, maana nyinyi hamfungi, mnausukuma tu.