Bi Buku na Ndugu wa Kuchanjiana

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na bwawa, na kila mwenye nguvu akalitaka!"

Haya, sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kupiga miayo.

Nyati alikuwa mbabe wa nyika. Alikuwa na malisho ya kusini, akachukua ya kaskazini. Akachukua ya kaskazini, akataka ya magharibi. Bado hakushiba. Ng'ambo ya bwawa kulikuwa na majani mabichi ya Kiboko, na kwa uroho Nyati akakosa usingizi.

Akawaita Kifaru, Kongoni na Swala. "Sisi wenye pembe ni taifa moja!" akanguruma. "Wasio na pembe ni takataka!" Wakachanjiana damu, kila mmoja na kila mwenzake, wakala kiapo: ndugu akilia, unakuja mbio unapiga, huulizi. Ng'ambo nako Kiboko akachanjiana na Ngiri na Tembo, ambaye pembe zake Nyati aliziita meno tu. Kiapo kilekile.

Sasa, ukingoni mwa bwawa, katikati ya wababe hao, palikuwa na shimo la Bi Buku, panya wa porini. Ndani mlikuwa na watoto wake, hata macho hawajafumbua.

Akamwendea Nyati. "Shikamoo, mzee. Naomba mpite kando kidogo. Wanangu ni wachanga, siwezi kuwahamisha."

"Una pembe?"

"Sina, mzee."

"Basi hatuna la kuzungumza. Kesho alfajiri tunavuka."

Bi Buku akarudi shimoni, moyo unamdunda, du, du, du. Aliogopa mpaka akashindwa kunyonyesha.

Alfajiri wenye pembe wakajipanga, kimya. Ng'ambo meno yanang'aa. Bi Buku akanyata chini ya matumbo yao, nya, nya, nya. Kwato moja tu ingemmaliza. Akamfikia Kifaru, ambaye macho yake mnayajua wenyewe, hayaoni mbali. Akamng'ata nyuma ya goti: ng'wap!

Kifaru akageuka. Nyuma yake kasimama Nyati.

"Unanichoma pembe, mroho wewe?"

"Mimi?"

Puu! Kifaru akampiga.

"Ndugu zangu!" akalia Nyati.

Puu! Nyati akajibu.

"Ndugu zangu!" akalia Kifaru.

Swala akageuka huku na huku. "Jamani, nimechanjiana na wote wawili. Nimpige nani?" Lakini kiapo kimesema huulizi, basi akampiga Kongoni. Puu! Kongoni naye akalia, na ukoo wake ukaja mbio. Wakasukumana, wakafukuzana, vumbi likahamia nyikani, mbali na shimo. Kiboko kuona malisho ya Nyati yamebaki bila mwenyewe, akavukia upande wa chini kwenda kuyachukua, Tembo na Ngiri nyuma yake. Mvua zikaja, zikaisha, wangali wanapigana.

Bi Buku akawahesabu wanawe. Wote wazima! Akacheka, akalia kwa furaha.

Siku moja akasikia hodi. Alikuwa buku mwenzake kutoka nyikani, amebeba mtoto mmoja.

"Dada, shimo letu limekanyagwa. Wengine wote wamebaki humo humo."

"Pole, dada. Pole sana."

"Hivi nani alianzisha vita hivi?"

Bi Buku akawatazama wanawe waliolala.

"Nyati," akasema, akamsogezea nafasi.

Hadithi imekomea hapo, nami njaa inaniuma. Na funzo je, watoto wazuri? Ndugu akilia, kimbieni mkapige, msiulize. Maswali yanachelewesha vita.