Bendera ya Mama Kemilembe

"Panda gari!"

"Sipandi."

"Mama Kemilembe, mguu umevimba kama muhogo. Panda, utatungoja Namugongo."

"Nilimwahidi Mungu miguu, Byabato. Sikumwahidi matairi."

Mmesikia watu wakisema mguu mbovu ndio kiongozi wa msafara, mkauliza neno hilo limetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, kwenye ugomvi huohuo, kando ya barabara pale Lukaya, nchi ya watu, Uganda.

Walikuwa mahujaji ishirini kutoka Kyaka, wanakwenda kwa miguu kwenye sikukuu ya Mashahidi kule Namugongo. Siku ya sita hiyo. Aliyewaongoza ni Byabato, kijana mwenye miguu ya swala na mdomo usio na breki. Kabla ya kuvuka mpaka alitoa sheria mbili: hakuna kuitangulia bendera ya parokia, na anayeomba kuibeba hanyimwi, maana kila mtu ana nia yake.

Nia ya mama huyu ilikuwa binti yake. Binti alilazwa miezi minne, mama akaweka nadhiri: akipona, nitatembea mpaka mwisho. Binti akapona. Sasa lengelenge limepasuka kisiginoni, na kila hatua anauma meno.

Byabato alimwonea huruma, tusimsingizie. Lakini aliziona siku zinakwisha, na bado njia ndefu.

"Basi baki," akasema. "Watu kumi na tisa hawawezi kukosa misa kwa ajili ya kisigino kimoja."

Wenzake wakatazama chini. Hakuna aliyemtetea mama, wala aliyeondoka.

Mama akakaza kanga yake kiunoni. "Nipe bendera."

"Nini?"

"Naomba kubeba bendera."

Byabato akacheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. "Mama, unanionea."

"Sheria nilitoa mimi?"

"Na tukichelewa?"

"Tutachelewa wote."

Byabato akaitazama barabara, akakitazama kile kisigino. Damu ilikuwa imelowesha kandambili, na mama hakuwa amelia hata mara moja. Kijana akaona aibu. Akamkabidhi bendera kwa mikono miwili.

"Haya, jamani, pangeni mstari nyuma yake," akasema. "Mguu mbovu ndio kiongozi wa msafara."

"Na usinikanyage kisigino," akasema Mama Kemilembe, akageuka, akashika njia.