Sauti ya Mzee Ngiri Yavuka Mto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakioana na kununiana kama sisi tulivyo leo, palikuwa na kijiji kilichokatwa na mto katikati. Upande huu wa mto alikaa Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na wa maneno mwepesi zaidi.

Nguchiro alikuwa na ngoma. Si ngoma ya kuchezea, wanangu. Ilikuwa ngoma ndefu aliyoachiwa na marehemu baba yake, na kila Ijumaa aliipaka ngozi yake mafuta kwa mkono wake mwenyewe. Akiipiga, ndu! ndu! kitindi-ndu!, hata mwenye homa alitikisa bega kitandani.

Rafiki yake Kobe alipuliza zumari, nayo ilikuwa tamu mpaka nyuki wakaja kuiulizia. Kikundi kilikuwa kizuri. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ilisimama mbele kabisa, imefumba macho na kupanua kinywa.

Kasoro hiyo ilikuwa Mzee Ngiri.

Zamani mwimbaji wao alikuwa Chiriku, ndege mwenye sauti kama maji ya mtungini. Lakini Kiboko wa ng'ambo, ambaye naye alikuwa na kikundi chake, alimtamani. Ndivyo alivyokuwa Kiboko: haoni uzuri wa kitu mpaka akione mkononi mwa mwenzake. Akamshawishi Chiriku kwa nyumba na mito ya sufi, akamchukua.

Nafasi ikabaki wazi. Mzee Ngiri, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, na ndiye aliyebeba vyombo mgongoni siku zote, akasema, "Msihuzunike, wanangu. Mimi si nipo?"

Akaimba. "Kwiiirrroooo! Kraaa-kwiii!"

Ngoma ya Nguchiro ikajikwaa. Zumari ya Kobe ikapaliwa. Mzee akafumbua macho akauliza, "Vipi?"

Wakatazamana. Waliogopa yale meno yake yaliyopinda, na isitoshe walimpenda. Wakajibu kwa pamoja, "Mashallah, mjomba!"

Mungu atusamehe, wangapi wetu tumelitumia neno hilo kufunika uongo? Neno moja hilo likawagharimu miaka mitatu. Kila walipopiga, watu walikuja mbio kwa ajili ya ngoma, wakaondoka mbio kwa ajili ya mzee.

Siku moja Tembo, jumbe wa kijiji, akawaita Nguchiro na Kiboko.

"Kichwa kinanigonga," akasema. "Kijiji kimoja, ngoma mbili, moja kila upande wa mto, kila siku kelele. Sasa sikilizeni. Siku ya mavuno, baada ya sala ya alasiri, mtapiga wote uwanjani, huyu pembe hii na yule pembe ile. Jua likigusa miti, kikundi kitakachokuwa kimekimbiwa na watu, ngoma yake itatundikwa darini kwangu. Haipigwi tena."

"Haipigwi mpaka lini, jumbe?" Nguchiro akauliza.

"Mpaka panya waimalize."

Nguchiro akarudi nyumbani, akaikumbatia ngoma ya baba yake, akalia. Kobe akaja, polepole kama kawaida yake, akakuta machozi yameshakauka.

"Kobe, tumekwisha."

"Hatujaisha. Tumwambie mzee ukweli."

"Nani amwambie?"

"Wewe."

"Kwa nini mimi?"

"Una mbio."

Nguchiro alijua lililo sawa ni lipi. Alilijua kabisa, kama mtu anayemsikia mwadhini naye bado amejifunika shuka. Lakini ukweli ulikuwa mzito, na hila ilikuwa nyepesi, naye alizoea kubeba vitu vyepesi.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Mzee Ngiri na kitambaa laini na chai ya tangawizi.

"Mjomba, kuanzia leo husemi."

"Kwa nini nisi..."

"Shhh! Sauti kama yako haimwagwi ovyo. Tunaiweka mpaka siku ya mavuno."

Mzee akafurahi mpaka mkia ukasimama wima. Akafungwa kitambaa shingoni, mizunguko minne. Kila jioni wakamtembeza kando ya mto kama bwana harusi. Kobe alibeba kigoda, na Nguchiro alitangulia akipiga kelele:

"Pisheni! Pisheni! Msimrushie vumbi! Wewe Bata, usipige chafya hapa!"

Ng'ambo ya mto masikio mawili madogo yakachomoza majini. Kisha pua. Kisha Kiboko mzima, pwaaa!

"We Nguchiro! Mgonjwa wenu huyo?"

"Mgonjwa! Astaghafirullah! Huyo ndiye mwimbaji wetu."

"Mbona hasemi?"

"Nani atamruhusu aseme? Sauti hiyo unaijua?"

"Sijawahi kuisikia," Kiboko akasema, na alidhani anasema kweli. "Mimi jioni huwa nasikia fundi wenu tu, yule anayenoa mashoka."

Nguchiro akauma mdomo. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, na gamba likawa linatikisika.

"Ehee, fundi," Nguchiro akasema. "Tumemwambia apumzike."

"Hebu mzee aimbe kidogo nisikie."

"Thubutu! Mpaka siku ya mavuno. Na nakuomba kwa heshima zote, Bwana Kiboko, usimtazame sana. Sisi tunakujua wewe."

Usingizi wa Kiboko ukaisha siku hiyo. Akila, anaona kile kitambaa. Akizama, anaona kile kigoda. "Kitu kinachofungwa mizunguko minne," akajiambia, "hakiwezi kuwa kitu kidogo."

Siku mbili kabla ya mavuno, Mzee Ngiri akabisha hodi kwa Nguchiro. Alikuwa amevaa kanzu mpya, nyeupe pee.

"Nguchiro, mwanangu," akanong'ona kwa kuitunza sauti yake, "Kiboko amenifuata. Amesema mimi ni wa kuimba mbele ya kikundi kikubwa. Amenipa nyumba. Chiriku atakuwa ananipepea."

"Unatuacha, mjomba?"

"Nisamehe. Uzee huu, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuja kunichukua mimi. Siku zote huja kuchukua mizigo niliyobeba." Akaweka chini mhogo wa kuchoma, ungali moto. "Nimewaletea huu, mle tukiagana."

Nguchiro akalia kwa sauti. Nusu ya kilio kile ilikuwa ya uongo, alikuwa ameifanyia mazoezi tangu asubuhi. Nusu nyingine hakuifanyia mazoezi. Na ule mhogo, ingawa ulikuwa mtamu, aliumega mara moja tu, akamsogezea Kobe aliyekuwa pembeni.

"Tumefaulu," akasema Kobe, Mzee Ngiri alipokwisha kuondoka.

"Nyamaza ule," akajibu Nguchiro.

Siku ya mavuno ikafika. Sala ikasaliwa, watu wakamiminika uwanjani. Habari za sauti iliyofungwa kitambaa zilikuwa zimeenea kijiji kizima, na wote, wakubwa kwa wadogo, hata waliowahi kuikimbia, wakidhani chai na kitambaa vimeiponya, wakajaa upande wa Kiboko. Upande wa Nguchiro alisimama Konokono peke yake, na ni kwa kuwa alikuwa bado yuko njiani kwenda kwa Kiboko.

Kiboko akapiga kifua. "Mnamwona Nguchiro? Nguchiro! Darini kwa jumbe kuna joto, ipelekee ngoma yako upepeo!"

Kah kah kah! Watu wakacheka.

Kisha akamfungua Mzee Ngiri kile kitambaa. Mzunguko mmoja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Watu wakanyoosha shingo. Mzee akafumba macho, akavuta pumzi ya siku kumi na mbili.

"KWIIIIRRRROOOO! KRAAAA-KWIIII-KRRRAAA!"

Chubwi! Chubwi! Vyura wakajitupa mtoni. Puruuu! Njiwa wote wakaruka. Twiga akakumbuka ameacha chungu motoni. Pundamilia akakumbuka ana mgonjwa. Nyani, ambaye hakuwa na chungu wala mgonjwa, akakimbia tu.

"Mama yangu wee!" Kiboko akalia. "Kumbe fundi wa mashoka ndiye huyu!"

"Mwambie aache!" wapigaji wake wakasema.

"Mwambieni nyinyi! Mimi nimemwambia mashallah juzi!"

Chiriku akautupa upepeo chini, akavuka uwanja kwa mbawa zote mbili, akatua juu ya ngoma ya Nguchiro.

"Nafasi yangu ipo?"

"Ipo. Imejaa vumbi tu," akasema Nguchiro.

"Na nilivyowaacha vile?"

"Hayo tutayasema tukishaimba. Kobe, zumari, pili-lilii!"

Ndu! ndu! kitindi-ndu! Zumari ikaingia, Chiriku akainua sauti, na watu waliokuwa wakikimbilia majumbani wakageuka njiani. Twiga aliusahau mchuzi wake. Vyura wakatoka majini. Watu wakajaa upande wa Nguchiro mpaka Konokono akajikuta yupo mbele kabisa bila kutembea.

Jua likagusa miti. Tembo akasimama kutazama. Upande wa Kiboko hapakuwa na mtu. Wapigaji walikuwa wamekwenda, na Kiboko mwenyewe alikuwa mtoni, pua tu ndiyo iko nje. Palibaki ngoma moja kubwa na Mzee Ngiri, katika kanzu yake nyeupe, bado anaimba.

"Ngoma ya Kiboko itatundikwa!" Tembo akatangaza.

"Nguchiro!" Kiboko akapiga kelele majini. "Umenidanganya!"

"Nimekudanganya nini? Si nilikuomba usimtazame?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ndipo Mzee Ngiri akafumbua macho.

Akatazama mbele, patupu. Akatazama kulia, patupu. Akawaona watu wote kule ng'ambo ya uwanja, wanacheka, na nusu yao wanamnyooshea kidole yeye.

Akaja polepole, kanzu inaburura vumbi. Watu wakampisha. Nguchiro alikuwa ameokoa ngoma ya baba yake, lakini alipomwona mzee anakuja, akaacha kupiga.

"Nguchiro, mwanangu. Ni mimi waliyenikimbia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni: upepo, jua, maradhi ya Kiboko. Nguchiro akaumeza wote.

"Ni wewe, mjomba. Sauti yako haisikiliziki."

"Tangu leo?"

"Tangu mwanzo."

"Hata harusi ya Pundamilia?"

"Hasa harusi ya Pundamilia."

"Mimi nilidhani wanaiwahi mvua!" Mzee akakaa chini, puu. "Na nyinyi mkaniambia mashallah. Mbona hamkunena?"

"Niliyaogopa meno yako."

"Haya?" Mzee akayagusa, kama anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba anayo. "Haya nachimbia mizizi, mtoto wewe. Nimekung'ata lini?"

"Hujaning'ata hata siku moja. Nimekosa, mjomba. Nilikuweka uchekwe na kijiji kizima kwa sababu ya neno moja ambalo ningekunong'oneza miaka mitatu iliyopita. Nisamehe, mbele ya watu wote hawa."

Hakuna aliyecheka tena. Hata Kiboko alizamisha pua.

Mzee akavua kanzu, akaikunja vizuri, akampa Kobe amrudishie Kiboko. Kisha akakuna sikio.

"Nimekusamehe. Kunichukia hamnichukii?"

"Kukuchukia! Tungekuchukia tusingekaa na sauti ile miaka mitatu."

Mzee akatikisika, akacheka, na kicheko chake, wanangu, kilikuwa afadhali kidogo kuliko wimbo wake.

"Basi Chiriku aongoze," akasema. "Mimi niitikie tu kwa nyuma. Hilo naruhusiwa?"

Nguchiro na Kobe wakatazamana. Kobe akafungua mdomo aseme mashallah, Nguchiro akamkanyaga gamba.

"Unaruhusiwa, mjomba. Lakini kwa chini."

"Kwa chini kiasi gani?"

"Kama anayemwomba Mungu jambo ambalo hataki jirani alisikie."

Mzee akaitikia hivyo, chini kabisa, midomo inacheza tu, na watu wakacheza naye mpaka magharibi.

Umpendaye akikosea, mwambie mwenyewe mapema na kwa upole, usimwachie kuambiwa na kicheko cha watu.